Nilimtoza Faini Mjane

Sikumtoza kwa mkono wangu. Aliyetoza ni kompyuta. Hivyo ndivyo nilivyojifariji kwa wiki nzima. Lakini programu iliyokuwa ndani ya kompyuta hiyo niliiandika mimi mwenyewe, na kwa miaka mingi nilijivunia kazi ile kama mzazi anavyomjivunia mtoto aliyefaulu skuli.

Kikundi chetu cha kuweka na kukopa kina akina mama 25. Tunakutana kila Jumamosi alasiri katika ua wa nyumba moja ya Mkunazini, hapa Mji Mkongwe wa Zanzibar. Wapo wanaouza maandazi na vitumbua, wapo washonaji, yupo mwalimu, wapo wanaofanya kazi katika hoteli za Shangani, na nipo mimi niliyeshika kazi ya uhasibu ofisini tangu ujana wangu. Wengi ni Waislamu, sisi Wakristo ni wachache, na sanduku ni moja.

Vikundi vya namna hii vilianzia Niger mwaka 1991 kwa msaada wa shirika la CARE, na hapa Unguja vilipata sifa katika vijiji vinavyozunguka msitu wa Jozani kabla ya kuenea mjini. Sanduku letu lina kufuli tatu. Funguo zake zinakaa kwa akina mama watatu, na hakuna hata mmoja wao anayelala na sanduku. Anayelitunza sanduku hana ufunguo. Wawili wanahesabu fedha, katibu anaandika, mwenyekiti anaendesha kikao. Kila mtu ana kazi yake moja, na wote tunaijua. Likumbuke jambo hili, mama msomaji, kwa maana mimi nililitazama kila Jumamosi kwa miaka mingi bila kuliona.

Mwaka 2009 niliwaambia wenzangu kwamba daftari limejaa makosa ya kujumlisha, nami nitatengeneza programu ndogo katika Excel. Nilitumia Visual Basic, lugha ya kuiamrisha kompyuta niliyojifunza kwa kitabu cha kuazima. Kama hujawahi kuandika programu, usifunue ukurasa upite. Si jambo gumu kulielewa. Programu hujengwa kwa mafungu ya maagizo. Fungu moja huitwa funksheni: unalipatia jina, unalikabidhi takwimu fulani, nalo linakurudishia jibu. Funksheni yangu niliiita Hesabu. Unaikabidhi namba ya mwanachama, inakurudishia kiasi anachostahili siku ya kuvunja sanduku na kugawana. Ilikuwa na mistari 40, nayo ilisomeka vizuri.

Lakini haikukaa hivyo. Desemba 2009 umeme ulikatika kisiwa kizima, usirudi hadi Machi 2010. Mwenzetu aliyekuwa akiuza barafu alishindwa kulipa mkopo, na kikao kikaamua asitozwe faini. Nikaongeza "kama" moja katika funksheni: kama ni miezi ile, na kama ni muuza barafu, asitozwe. Septemba 2011 meli ya MV Spice Islander ilizama ikielekea Pemba, misiba ikaingia nyumba nyingi, nasi tukakubaliana kwamba mfiwa hatozwi faini ya kukosa kikao. Nikaongeza "kama" nyingine. Mzazi akapewa siku zake 40. Mjane wa Kiislamu akapewa eda yake yote, miezi 4 na siku 10. Mikopo ikawekewa ada moja isiyoongezeka, kwa kuwa wengi wetu hawataki neno riba lisikike karibu na sanduku. Mwaka 2020 wageni walikoma kuja kwa sababu ya korona, hoteli zikafunga milango, na waliokuwa wakifanya kazi huko wakasimamishiwa malipo. Kila uamuzi ulikuwa wa haki, na kila uamuzi niliuingiza usiku, watoto wakiwa wamelala, nami nikiwa na usingizi. Sikutafuta mahali panapofaa, nilitafuta mahali penye nafasi. "Kama" ikaingia ndani ya "kama", na hiyo ndani ya nyingine.

Kufikia mwaka 2022 Hesabu ilikuwa na mistari 340. Ningeweza kukusimulia historia ya Unguja kwa kushuka nayo mstari kwa mstari, lakini nisingeweza kukuambia inafanya nini.

Mwaka huo mwenzetu mmoja alifiwa na mume. Ni muuza maandazi, mwanamke wa maneno machache. Alikaa eda, na kila Jumamosi alimtuma binti yake na fedha ya hisa na rejesho la mkopo wake, zimefungwa katika pindo la leso. Hakukosa hata wiki moja. Desemba tukavunja sanduku, kila mmoja akapewa kikaratasi chake kutoka kwenye mashine yangu, tukala pilau, tukaagana. Januari hakuja. Wiki ya pili hakuja. Ya tatu katibu akasema labda anaumwa, nami nikaenda kumtazama.

Nilipiga hodi, nikapanda ngazi. Anaishi ghorofani, katika chumba kirefu na chembamba kama vyumba vingi vya Mji Mkongwe. Mafundi wa zamani walilaza dari juu ya boriti za mikoko, na upana wa chumba ukafuata urefu wa boriti. Hakuna aliyejaribu kujenga chumba kipana kuliko mti wake. Nilitazama dari ile kwa muda mrefu maana sikujua nianzie wapi. Alinipa chai ya tangawizi. Hatimaye nikamuuliza, "Shoga, tumekukosea nini?"

"Hamkunikosea," akajibu. "Mie sikugombana na mtu. Niliona mmekubaliana."

Akaenda kabatini akaleta kile kikaratasi. Kilikuwa na jina lake, hisa zake, na mstari mmoja ulioandikwa "Makato 36,000". Hakuna maelezo mengine, kwa sababu Hesabu ilirudisha jumla tu.

"Nilijiuliza nimekatwa kwa lipi," akasema. "Nikaona labda ni kwa kukaa ndani. Nikasema basi, wamenihesabia eda."

Nikamuuliza kwa nini hakuja kudai. Alinitazama kama mtu anayemtazama mtoto. "Mwenzangu, mjane akianza kuulizia fedha, watu husema." Binti yake, yule aliyekuwa akileta fedha katika leso, alikuwa ameanza muhula kwa viatu vya mwaka uliopita. Viliwekwa mlangoni. Nilivipita nikitoka.

Usiku ule niliifungua Hesabu kutafuta hizo 36,000. Vikao 18 vya eda mara shilingi 2,000 za kuchelewesha mkopo: hesabu ilikuwa wazi, lakini ilitoka wapi? Nilisoma juu mpaka chini. Kuna mahali niliandika f kumaanisha faini ya mahudhurio. Mistari 100 mbele, f ile ile ilibeba faini ya mkopo. Chini zaidi ilibeba faini pamoja na ada. Ndani ya "kama" ya tano nilikuwa nimekwisha kusahau "kama" ya kwanza ilisema nini, narudi juu, nashuka tena. Usiku wa pili ulikuwa vivyo hivyo. Nikaikumbuka dari ya mjane. Kichwa changu nacho kina boriti yake, nami nilikuwa nimejenga chumba mara nane ya urefu wake.

Sasa nikufahamishe kosa nililofanya, kwa sababu ndilo wanalofanya wengi. Nilichoka, nikaongeza "kama" nyingine: kama ni mjane aliye edani na ana mkopo, f iwe sifuri. Nikaiendesha. Faini ikatoweka, nikafurahi. Kisha nikatazama faida ya kikundi. Nilitarajia ipungue kwa shilingi 36,000. Ikapungua kwa 51,000. Kumbe nilikuwa nimefuta pamoja na ada yake halali ya mkopo, 15,000, kwa vile nayo ilikuwa imepanda mgongoni mwa f. Ningemlipa mjane kwa fedha isiyo yake, na hapo wenzake wangekuwa na sababu ya kusema.

Nikaufuta mstari ule, nikampigia simu binti wa kaka yangu.

Binti huyu anasoma kompyuta katika Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, SUZA. Alikuja Jumapili mchana, akasoma kwa nusu saa bila kusema neno, kisha akaniuliza kwa adabu, "Shangazi, hii imeandikwa na watu wangapi?" Nikamwambia ni mimi peke yangu. "Basi ni Shangazi wa miaka 13," akasema. Akanieleza kwamba kazi iliyo mbele yetu ina jina lake na vitabu vyake. Mmarekani William Opdyke aliandika tasnifu juu yake mwaka 1992, na Mwingereza Martin Fowler akatoa kitabu kinachojulikana sana mwaka 1999, ambao kwa bahati ndio mwaka wa sheria iliyoanzisha chuo chao. Maana yake ni kuupanga upya msimbo, yaani maandishi ya programu, kwa ndani, bila kubadili majibu inayotoa kwa nje.

"Bila kubadili majibu?" nikashtuka. "Lakini jibu lenyewe ndilo baya!"

"Kwanza tulipange likiwa baya, Shangazi. Tutalitengeneza baadaye."

Hapo tulibishana kidogo, na ninakiri kwamba alikuwa na haki. Ukihama nyumba huku unatupa vitu, vyombo vikipungua hutajua kama umevitupa au vimeibwa njiani. Kwa hiyo siku ya kwanza hatukugusa mstari hata mmoja wa Hesabu. Tulichukua vitabu vya wanachama saba: mjane, mzazi, mfiwa, mfanyakazi wa hoteli, muuza barafu wa zamani, mmoja asiye na mkopo na mmoja asiye na neno lolote. Tukaandika pembeni majibu ambayo Hesabu ilitoa kwa kila mmoja, hata zile 36,000 zilizoninyima usingizi. Tukatengeneza kitufe kimoja: ukikibonyeza, programu inakokotoa wote saba na kulinganisha na majibu ya zamani. Yakilingana yote, seli inakuwa ya kijani. Yasipolingana, nyekundu.

Ndipo tukaanza kukata. Kipande cha kwanza kilikuwa rahisi, mistari 11 ya kujumlisha hisa. Tuliihamisha katika funksheni yake, tukaiita JumlaYaHisa, na mahali ilipotoka tukaacha jina hilo tu. Tukabonyeza: kijani. Tukahifadhi nakala. Halafu f tukaivunja, kila kazi ikapata jina lake kamili, FainiYaMahudhurio, FainiYaMkopo, AdaYaMkopo. Kijani. Nakala. Ni kazi ya kuchosha kwa jinsi isivyo na mikogo. Unahamisha kidogo, unapima, unahifadhi, na ukiona nyekundu unarudi hatua moja tu badala ya kupoteza siku nzima. Nasi tuliiona nyekundu mara nyingi. Mara moja nilisahau kukabidhi tarehe ya kujifungua, na mama mzazi akatozwa faini palepale. Programu ilinisuta kabla hajanisuta yeye.

Sehemu ya mikopo ilitugomea. Kila tulipojaribu kuing'oa, ilidai ikabidhiwe vitu tisa kutoka sehemu nyingine. Binti akasema kwamba kipande kinachodai vitu tisa si kipande kimoja. Tulikisoma upya, tukaona ndani yake mambo matatu yamekumbatiana: kiasi kilichobaki, kuchelewa, na ada. Tulipoyatenganisha, kila moja lilidai vitu viwili au vitatu tu, likatoka bila kelele. Nilikaa kimya. Huko uani Mkunazini nina wenzangu ambao mmoja anahesabu, mwingine anaandika, mwingine anashika ufunguo, na hakuna anayeruhusiwa kufanya yote matatu; hata msichana mgeni akija anaweza kuona nani amekosea. Nami katika mashine nilikuwa nimemweka mtu mmoja, nikampa funguo zote tatu, daftari na sanduku.

Zile "kama" zilizozaana tulizipunguza kwa njia niliyoipenda mno. Badala ya kuingia chumba ndani ya chumba, tuliuliza swali mlangoni. Mstari wa kwanza wa FainiYaMahudhurio ukawa: kama ana udhuru, jibu ni sifuri, toka. Kinachofuata hakina haja ya kufikiria eda wala uzazi tena. Na udhuru wenyewe ukapata funksheni yake, AnaUdhuru, iliyoorodhesha tu: eda, uzazi, msiba, ugonjwa. Ile "kama" ya muuza barafu na giza la mwaka 2010 tuliitoa baadaye, baada ya kuhakikisha haimgusi mtu yeyote. Niliinakili katika daftari langu kwanza. Nisingependa isahaulike.

Nisije nikakudanganya kwamba kukata ni heri siku zote. Jioni ya pili, binti alipokwisha kuondoka, nilishikwa na ulevi wa mkasi. Nilikatakata mpaka nikapata vipande karibu 60, vingine vya mstari mmoja, kimoja kikimwita cha pili, cha pili kikimwita cha tatu. Aliporudi alitafuta mahali ada inapoongezwa, akaruka kutoka kipande hadi kipande, na kwenye cha sita akaweka kichwa mezani. Tulivirudisha pamoja vile ambavyo havikuwa na jambo lao la kusema. Vikabaki 19. Nadhani kipimo si urefu, ni jina. Kama unaweza kukipa kipande jina la kweli bila kutia neno "na" katikati, basi kimetosha.

Tulipofika hapo, kosa hatukulitafuta. Lilikuwa limekaa peke yake katika FainiYaMkopo, funksheni ya mistari 14, likitutazama: kama hakuhudhuria, basi hakulipa. Niliutambua mstari ule mara moja. Niliuandika mwaka 2009, na mwaka 2009 ulikuwa kweli, kwa maana aliyekosa kikao hakuwa na njia ya kulipa. Baadaye watu walianza kutuma fedha kwa simu, au kwa mkono wa mtoto, nasi tukawa tunaandika malipo yao sawasawa katika safu nyingine ambayo funksheni haikuwahi kuambiwa iitazame. Udhuru ulimwondolea mjane faini ya kutohudhuria. Hakuna kitu kilichomwondolea dhana ya kwamba asiyeonekana hajalipa.

Tulibadili maneno mawili. Kitufe kikatoa nyekundu kwa mtu mmoja tu kati ya saba, na safari hii nyekundu ndiyo tuliyoitaka. Makato yake yakawa sifuri, ada yake ikabaki 15,000, na faida ya kikundi ikapungua kwa 36,000 kamili.

Jumamosi iliyofuata nilisimama mbele ya kikao nikaeleza yote. Ilikuwa ngumu kuliko nilivyodhani. Kila mmoja wetu alikuwa amekula sehemu ya faini ile mwezi Desemba pasipo kujua, kwa hiyo kila mmoja alirudisha sehemu yake kwa kadiri ya hisa zake. Tulikwenda watatu kumpelekea. Alizihesabu, akatushukuru, akasema atafikiri juu ya kurudi. Alirudi baada ya mwezi.

Tangu hapo kikaratasi hakina tena mstari mmoja wa makato. Kila funksheni inaandika mstari wake, kwa jina lake la Kiswahili, na mwanachama anaona amekatwa kwa lipi au hakukatwa kwa lipi. Kabla ya kuvunja sanduku mwaka 2023 nilichapa pia ukurasa mmoja wa ile AnaUdhuru, nikampa katibu autazame. Katibu hajui Visual Basic, wala hajawahi kugusa kompyuta yangu. Alivaa miwani, akasoma kwa sauti mbele ya wote: eda, uzazi, msiba, ugonjwa. Akanyamaza. Akasoma tena.

"Na anayeuguza?" akauliza. "Si tulikubaliana, aliyelaza mgonjwa Mnazi Mmoja hatozwi? Ulikuwepo wewe."

Nilikuwepo. Ilikuwa miaka mingi nyuma, na siku hiyo sikuingiza. Wanawake wawili walitazamana, na nikajua kwamba hao nao waliwahi kukatwa wakanyamaza. Nilifungua kompyuta palepale uani, nikaongeza neno moja katika orodha, nikabonyeza kitufe wote wakiona. Kijani. Katibu akaniomba nichape ukurasa mwingine mpya. Aliukunja mara mbili, akautia sandukuni juu ya vitabu, kisha akawaita wenye funguo. Wa tatu kufunga alikuwa muuza maandazi, kwa kuwa mwaka ule tulikuwa tumempa ufunguo.